Kura Tatu za Mheshimiwa

Sauti ya mkewe ilimkuta kinyozi akiwa katikati ya kichwa cha dereva wa lori. Upande wa kushoto alikuwa ameshaumaliza, wa kulia ulikuwa bado na nywele zake zote. Simu ya dereva, iliyokuwa imelala mapajani juu ya shuka la kunyolea, ikaanza kuongea.

"Haya wapenzi wa tamthilia yetu ya Muhuri Mwekundu, ni mimi Mama Pasi," ilisema simu, na nyuma ya maneno hayo ikasikika pasi ya mvuke ikipumua. "Nyie mnatazama midomo ya wanasiasa, mimi natazama kola. Yule Waziri wa Ardhi alipoingia kikaoni, kola yake ilikuwa imelowa hapa nyuma, kwenye mshono. Mtu aliyetembea juani hulowa mgongo. Anayelowa shingo peke yake kuna kitu anaficha. Subirini sehemu ya nane, kisha mnitafute."

"Na kweli!" Dereva akapiga paja. "Sehemu ya nane kakutwa na hati za viwanja chini ya godoro! Mkeo huyu si bure. Mheshimiwa, huwa unamsikiliza?"

Kinyozi alizima mashine, akaipuliza, akaitazama kana kwamba tatizo liko kwenye mashine. "Mheshimiwa" lilikuwa jina la utani. Miaka mitano nyuma aligombea udiwani, na tangu hapo saluni yake ndiyo ilikuwa bunge la mtaa. Watu walikuja kunyolewa na kuelezwa: kwa nini bei imepanda, nani atatupwa nje ya baraza, nani anamponza nani. Kwenye kioo cha mlango palichorwa saini yake kwa rangi ya dhahabu, ile aliyoitafuta wiki tatu nzima kabla ya uchaguzi, yenye mkia mrefu unaorudi nyuma na nukta mbili chini ya mkia. Diwani, alisema wakati ule, hawezi kusaini kama mtu anayepokea mzigo. Aliposhindwa uchaguzi, saini hakuifuta.

"Wanaomsikiliza wangapi?" aliuliza, kama asiyejali.

"Kundi lake la watazamaji lina watu elfu nne na ushee. Hebu ona walivyoandika." Dereva aliinua simu. "'Mama Pasi gombea, kura yangu unayo.' Na huyu: 'Gombea mama, tumechoka na hao wengine.' Wako kama mia sita hivi."

Mia sita! Kinyozi aliiwasha mashine tena na kurudi kazini, na mashine ikapita mahali ambapo haikutakiwa kupita. Dereva aligundua baadaye, alipofika nyumbani na mkewe akamuuliza amegombana na nani.

Wivu wa mtu kwa jirani unaeleweka, hata wa ndugu kwa ndugu. Lakini mtu akimwonea wivu mke wake mwenyewe, anakwenda kumshtakia nani? Maana yeye, alipogombea, katika darasa lile walilopigia kura watu wa nyumba yake, alipata kura tatu. Karatasi ilibandikwa mlangoni, mtaa mzima ukaisoma. Na watu wa kwake waliopiga kura darasani mle walikuwa wanne: yeye, mama yake, mkewe, na shemeji yake seremala, kaka wa mkewe, ambaye ndiye alikuwa wakala wake wa kusimamia hesabu. Kwamba wateja wake hawakumpa hata moja, hilo aliwasamehe. Mteja ni mteja. Lakini wanne na kura tatu, hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaiweza. Mama ndiye aliyemzaa. Mke aliapa. Akabaki shemeji, na shemeji alipoulizwa hakukataa wala kukubali, aliokota msumeno wake akaendelea kukata mbao.

"Kunyamaza nako ni kukiri," kinyozi alisema siku ile. "Kikulacho ki nguoni mwako." Na tangu hapo hawakusalimiana.

*

Mkewe alirudi jioni akinuka sabuni na mvuke. Alikuwa akipiga pasi kwa dobi, mashati ya wakubwa wa maofisi, mwaka wa kumi na moja sasa. Aliweka mkoba chini, akamsalimia mama mkwe wake aliyekuwa kwenye kochi, akavua viatu.

"Karibu," kinyozi alisema. "Leo umelihutubia taifa?"

"Umesikia?" Uso ulimchangamka. "Ulionaje?"

"Huko kazini mnalipwa kupiga pasi au kupiga domo?"

"Mikono inapiga pasi. Mdomo hauna kazi saa zile."

Mama mtu alicheka, na kinyozi akamtazama kama mtu aliyetupwa na chama chake mwenyewe.

"Mambo ya kola na mishono," alisema. "Siasa si nguo, mke wangu. Siasa ni mihimili, ni katiba. Unawapotosha watu."

"Basi waeleze wewe. Kundi liko wazi, kila mtu anaongea."

Alitaka kukataa, lakini mwaliko ule ulimwingia. Kesho yake alifungua saluni mapema, akageuza kibao upande ulioandikwa TUMEFUNGA, akakohoa mara tatu, akarekodi. Aliongea dakika kumi na moja juu ya mihimili mitatu ya dola. Alijisikiliza mara mbili na kujipenda. Mpaka jioni waliokuwa wamemsikiliza ni kumi na wawili. Mmoja aliandika, "Mzee, fupisha." Mwingine aliandika, "Mama Pasi yuko wapi leo jamani?" Wa tatu alikuwa mkewe, aliyesikiliza dakika zote kumi na moja hadi mwisho, akamtumia ua.

Ua lile lilimchoma kuliko tusi.

*

Sehemu ya tisa ilitoka Jumamosi mchana, na kufikia saa kumi mtaa ulikuwa umegawanyika. Mgombea ubunge wa Muhuri Mwekundu alikuwa amempeleka mkewe kupiga kura, amemshika mkono, kamera zinamulika. Mke akaingia nyuma ya kile kibanda cha makaratasi, watazamaji wakaonyeshwa vidole vyake tu. Vidole vikapita picha ya mumewe, vikaweka alama ya vema kwa mpinzani.

"Msaliti!" walisema saluni. "Angekuwa wangu!" Kinyozi aliendelea kunyoa. Aliutazama mkono ule usiku kucha akiwa amefumba macho.

Jumatatu dereva wa lori alirudi kusawazishiwa kichwa, na simu yake ikaja nayo.

"Mnamtukana bure yule mama," ilisema sauti ya mkewe, na pasi ikapumua. "Mimi namwelewa. Anayepiga pasi mashati ya mumewe anajua bega lipi ni la mtu na bega lipi ni sponji. Ameona ubunge utammaliza mume wake. Si kila anayekupenda anataka upande jukwaani."

Palikuwa na watu watano ndani, na wote watano walizijua zile kura tatu. Mmoja alianza kusoma gazeti la wiki iliyopita. Dereva, ambaye hakuwa mtu mbaya ila mdomo wake ulitangulia akili, aligeuza shingo.

"Mheshimiwa, isije ikawa shemeji yako ulimwonea?"

Kinyozi aliweka mashine mezani. Alitoka na koti lake la kazi, kitana kikiwa mfukoni, nywele za watu mabegani, akavuka barabara mbili mpaka kwa dobi. Mkewe alikuwa mezani, shati jeupe limetandazwa, pasi mkononi. Kwenye kaunta wateja watatu walikuwa wakisubiri, na mmoja wao alikuwa akimwomba apige naye picha.

"Ulinipigia kura au hukunipigia?"

"Nini?"

"Darasani. Miaka mitano iliyopita. Sema hapa, mbele ya mashabiki wako."

"Mume wangu, tutaongea nyumbani."

"Nyumbani kwani unaongea? Maneno yako yote unawapa watu elfu nne. Wape na hili. Ulinipigia?"

"Nilikwambia siku ile ile. Uliniamini."

"Siku ile hukuwa Mama Pasi."

Mkewe alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko shati linavyoweza kuvumilia pasi, na harufu ndiyo iliyomshtua. Aliponyanyua mkono, mgongoni mwa shati palikuwa na alama ya pasi nzima, ya kahawia, hata vitundu vya mvuke unavihesabu. Aliyetaka picha alirudisha simu mfukoni polepole.

Msimamizi alitoka nyuma. Aliliinua shati kwa vidole viwili. "La mkurugenzi hili," alisema. "Anakuja kulichukua saa nane."

"Miaka kumi na moja," mke wa kinyozi alisema, "sijaunguza hata leso."

"Najua. Nenda nyumbani. Kaa mpaka nikuite."

Nyumbani alijaza begi moja, bila kupiga kelele wala kubamiza kabati. Alimuaga mama mkwe wake kwanza. "Mama, nakwenda kwa kaka. Dawa zako ziko juu ya friji." Kisha akasimama mlangoni.

"Kaka yangu ulimnyima salamu miaka mitano kwa sababu ya kura moja. Mimi nimekaa kimya, nikasema ni hasira, zitaisha. Sasa zamu yangu imefika. Siku utakayojua nani alikunyima kura, njoo utwambie wote wawili pamoja."

*

Wiki ile kundi la watazamaji lilikuwa msibani. "Mama Pasi vipi?" "Mama anaumwa?" "Sehemu ya kumi bila Mama Pasi sitazami." Kinyozi alizisoma zote akiwa amejificha nyuma ya pazia la saluni. Akisema wanamsikiliza, akinyamaza wanamtafuta! Yeye mwenyewe hakuwa amesema neno la siasa tangu Jumatatu, na hakuna aliyeuliza ana nini.

Jumamosi mchana mama yake alimwita. "Niwashie Muhuri wangu."

"Mama, na wewe!"

"Mimi nimefanya nini? Mkeo ameondoka, hakuondoka na televisheni."

Hakuwahi kuiwasha mwenyewe. Siku zote alijidai hatazami, akaja kusimama nyuma ya kochi mambo yakiwa yameshaanza. Alibonyeza hapa na pale, kioo kikawaka, kikauliza: Nani anatazama? Chini yake palikuwa na majina matatu: Fundi. Dada. Shemeji.

"Hii ni ya nani?"

"Ya kaka yake. Ulidhani analipa nani? Tangu mwaka juzi."

Kwa hiyo hata tamthilia iliyomvunjia nyumba ilikuwa ikiingia sebuleni kwake kwa hisani ya seremala. Damu ilimpanda. "Na huyu Shemeji ni nani?"

"Kuna shemeji gani mwingine, mwanangu? Ni wewe."

Aliibonyeza ile ya Shemeji, bila kujua kwa nini. Ilimfungulia sehemu ya kwanza, maana hakuna aliyewahi kutazama chochote humo. Miaka miwili jina lake lilikaa pale linamsubiri.

"Nenda ya kumi," mama alisema. "Tutazeeka hapa."

Sehemu ya kumi ilikuwa ya kurudia kuhesabu. Ukumbi mkubwa, mawakili, masanduku. Karani alinyanyua karatasi moja kwa ncha za vidole, na kamera ikasogea. Mbele ya picha ya mgombea, kwenye kile kisanduku, hapakuwa na alama ya vema. Palikuwa na saini, ndefu, ya wino wa buluu.

"Imeharibika," alisema karani wa kwenye tamthilia. "Mpiga kura haruhusiwi kujitambulisha. Ni alama tu." Ukumbi ukaangua kicheko.

Mama mtu alicheka mpaka akakohoa. "Mjinga gani huyo! Anatia saini kwenye kura, anapokea mshahara?"

Kinyozi hakucheka. Alikuwa amerudi darasani, nyuma ya kile kibanda cha makaratasi, kalamu mkononi. Mbele yake karatasi ya dola, na juu ya karatasi ya dola picha yake mwenyewe, inatabasamu, nywele amejinyoa jana yake. Machozi yalimlenga siku ile. Akajiuliza, mtu mwenye picha yake hapa aweke vema, kama asiyejua kuandika? Vema waweke wengine. Na kwa nini alihangaika na ile saini wiki tatu, kama si kwa siku kama hii? Akaiweka yote, mkia na nukta zake mbili, akakunja karatasi, akatoka kifua mbele.

Miaka mitano alikuwa akiihesabu ile kura kuwa ya kwanza kati ya tatu.

"Wewe," mama yake alisema, akimtazama sasa yeye badala ya televisheni. "Mbona umelowa shingo?"

Alishika kola. Ilikuwa imelowa hapo nyuma, kwenye mshono, na mgongo ulikuwa mkavu.

*

Karakana ya seremala ilikuwa mtaa wa pili. Njiani alipita saluni yake na kuutazama upande mwingine wa barabara. Alipofika, shemeji yake alikuwa ameinama juu ya mlango mpya uliolazwa kwenye vigoda viwili, anapiga randa, maranda yamemfika kwenye vifundo vya miguu. Mkewe alikuwa ameketi kizingitini na simu mkononi, haongei.

"Umejua?" aliuliza bila kunyanyuka.

"Nimejua."

"Haya."

"Nipe hiyo simu. Nitasema mwenyewe kwenye kundi, wasikie wote elfu nne. Nimekudhalilisha mbele za watu, na mimi nijidhalilishe mbele za watu." Alimaanisha kweli. Lakini hata hapo, Mungu amsamehe, sehemu fulani ndani yake iliwaza ni wangapi watamsikiliza safari hii.

Mkewe alimfahamu. Aliingiza simu mfukoni. "Hao elfu nne hukuwanyima salamu. Uliyemnyima huyo hapo anapiga randa."

Ilikuwa hatua sita, ndefu kuliko kampeni nzima.

"Shemeji."

Randa ilisimama.

"Ile kura ni yangu mimi. Niliiharibu. Nilitia saini."

Seremala aliipuliza randa, akapitisha kidole kwenye ubao kuona kama umelainika. "Najua," alisema.

"Unajua?"

"Si nilikuwa wakala wako? Karani aliinyanyua juu, darasa zima tukaiona. Mkia huu hapa, nukta mbili. Akauliza, jamani, kuna anayemtambua huyu bwana mkubwa? Walicheka mpaka mmoja akakaa chini."

"Ukasema nini?"

"Nikasema simjui. Bahati yako, mle ndani hakuna aliyekuwa ananyolewa kwako."

"Kaka!" Mkewe alikuwa amesimama sasa. "Miaka mitano! Na mimi hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungenitetea. Ungenitetea, ungemtaja. Mtaa mzima unaijua ile saini, iko kwenye kioo." Aligeukia kinyozi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na hasira, hasira ya zamani iliyokaa vizuri kama zana kwenye kisanduku chake. "Nilisema bora unichukie mimi kuliko wakucheke. Nilidhani utanichukia mwezi mmoja."

Kinyozi alimgeukia mkewe.

"Na wewe ulinipigia," alisema.

"Nilikupigia, kwa moyo wangu wote. Leo nisingekupigia."

Aliinamisha kichwa, akakubali.

"Jumatatu utakwenda kwa dobi," mkewe aliendelea. "Mbele ya kaunta ile ile, mbele ya msimamizi, useme shati liliungua kwa sababu yako. Ukitoka huko nitarudi nyumbani. Na nikirudi, nitaongea kwenye kundi langu, na wewe utasikiliza mpaka mwisho kama mimi nilivyosikiliza mihimili yako."

"Mama anakuulizia," kinyozi alisema taratibu.

"Namwulizia na mimi."

Kisha seremala aliweka randa chini na kushika upande mmoja wa mlango. "Shika huko," alisema. "Nataka kuugeuza."

Kinyozi alishika. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani, wa mbao ngumu, na iliwabidi waunyanyue pamoja na kwenda sawa. Walipokuwa wameubeba katikati yao, nyuso zimetazamana, hakuna awezaye kuachia mkono, ndipo alipotoa sauti.

"Hujambo, shemeji?"

"Sijambo," seremala alijibu, kama mtu aliyesalimiwa na jana pia.